Imetoka Yote?

Mimi ni muuguzi wa chumba cha kamera ya tumbo. Daktari ndiye anayeongoza kamera. Mimi nasimama ubavuni kwake, napitisha vifaa ndani ya mrija, nafungua, nafunga, nasukuma sindano akisema "sukuma", huku jicho moja likiwa kwenye skrini na jingine kwa mgonjwa. Kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kuondoa uvimbe wa saratani ya mwanzo ya tumbo kwa kupitia mdomoni, bila kupasua. Na karibu kila mgonjwa, dawa ya usingizi ikianza kumwachia, huniuliza jambo lile lile: "Sista, imetoka yote?"

Wauguzi wapya hujibu "ndiyo" bila kusita, na siwalaumu, maana mtu aliyelala pale ana hofu. Mimi humwambia kilichopo: kipande kimetoka kizima, damu imekauka, na sasa kinakwenda maabara. Wengine hukunja uso, wakidhani nawaficha. Ukweli ni kwamba hakuna mtu chumbani mle, hata daktari mwenyewe, anayeweza kulijibu swali hilo siku hiyo. Nimeona kazi iliyokwenda laini tangu mwanzo hadi mwisho, halafu karatasi ya maabara ikaleta habari nyingine. Nimeona pia siku ya jasho, tumbo limetoboka, watu wote kimya, na mgonjwa yule leo ni mzima. Mambo ya siku ya kukata na mambo ya miaka inayofuata hayaendi sambamba kama watu wanavyodhani.

Nianze na kabla ya kisu, maana huko ndiko usalama mwingi unakopatikana.

Ukuta wa tumbo una matabaka. Ndani kabisa kuna utando unaogusa chakula, chini yake kuna tabaka legelege lenye mishipa ya damu na ya limfu, yaani majimaji ya mwili, kisha msuli, kisha ngozi nyembamba ya nje. Wajapani, mwaka 1962, walikubaliana kuiita saratani ya tumbo kuwa ni ya mwanzo kama haijavuka matabaka yale mawili ya ndani. Linalowachanganya wengi, hata wahudumu wa afya, ni kwamba jina hilo linahusu kina peke yake. Saratani inaweza kuwa ya mwanzo na bado ikawa imeshapenya hadi kwenye tezi za limfu zilizo nje ya tumbo. Kamera haifiki kwenye tezi. Sisi tunaondoa kilichopo ukutani, basi. Kwa hiyo mgonjwa anayefaa ni yule ambaye tezi zake karibu kwa hakika ni safi, na hilo linabidi likisiwe mapema.

Makisio hayo hayakuokotwa njiani. Mwaka 2000 madaktari wa Tokyo walichapisha hesabu ya wagonjwa 5,265 waliokuwa wamepasuliwa, tumbo likakatwa, tezi zikatolewa na kupimwa moja moja. Kwa wale ambao saratani iliishia kwenye utando, tezi zilikuwa na ugonjwa kwa wagonjwa kama 2 katika kila 100. Kwa wale ambao iliingia tabaka la pili, karibu 18. Walipozidi kuchambua wakapata makundi ambayo hapakuwa na hata mgonjwa mmoja mwenye tezi chafu. Mfano ni wagonjwa 1,230 wenye saratani iliyobaki kwenye utando, isiyozidi sentimita 3, yenye chembe za mwili (seli) ambazo bado zinafanana na za kawaida. Sifuri kati ya 1,230. Kila nikiisoma hesabu ile nawafikiria watu wenyewe. Wengi wao walipoteza tumbo, au kipande kikubwa cha tumbo, ambalo kwa ujuzi wa leo lingebaki, na mipaka tunayoitumia chumbani kwetu ilichorwa kutokana na matumbo yao.

Mipaka yenyewe, kwa ufupi, ni ukubwa, kina, kuwepo kwa kidonda, na aina ya chembe. Chembe zikiwa zimeharibika sana sura, mpaka wa ukubwa unashuka hadi sentimita 2 na pasiwe na kidonda. Mengine ni ya daktari.

Kuna mzee aliyeletwa na wanawe. Uvimbe wake ulikuwa na kidonda katikati, na mikunjo ya tumbo pembeni yake ilikuwa imevutwa ikaungana. Daktari alipopunguza hewa, tumbo lote lilinywea isipokuwa sehemu ile, ilibaki imekakamaa. Hizo ni dalili za kina. Kipimo cha mawimbi ya sauti kupitia kamera kilielekea huko huko. Daktari akasema huyu ni wa kupasuliwa. Mwanawe mkubwa akapandisha sauti: "Daktari, mwenzake waliyekaa naye kwenye benchi ametolewa bila kupasuliwa na amerudi nyumbani. Baba yetu ana kosa gani?" Daktari alichukua kalamu akachora matabaka kwenye karatasi, akaonyesha mahali anapodhani ugonjwa umefika. Kisha akasema, "Nikimfanyia mnachotaka, wiki ijayo mtanishukuru. Miaka ijayo hamtanishukuru." Mzee ndiye aliyeamua. "Mwacheni afanye kazi yake," akasema, akasaini.

Alipasuliwa, na tezi mbili zikakutwa na ugonjwa. Asingepasuliwa, zingebaki humo.

Nasema haya kwa sababu watu wakitafuta mahali pa kutibiwa huuliza: mmewafanyia wangapi, wangapi walipona. Ni maswali mazuri. Lakini mimi ningeuliza pia, wangapi mliwakataa? Chumba kisichomkataa mtu yeyote kina namba nzuri za mwezi huu tu.

Sasa siku yenyewe. Zamani kidogo uvimbe ulikuwa unanaswa kwa kitanzi cha waya na kukatwa kwa umeme. Njia hiyo bado inatumika kwa vimbe vidogo, ni ya haraka, ila uvimbe ukizidi kitanzi unatoka vipande vipande, na mahali vipande vinapokutana ndipo ugonjwa hubaki na kuota tena. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa hospitali ya taifa ya saratani huko Tokyo wakaja na kisu cha umeme chenye kidonge cha kauri nchani, ili ncha isichome msuli. Hapo ikawezekana kuzunguka uvimbe na kuubandua chini kwa chini, utoke kipande kimoja hata ukiwa mkubwa. Leo, kwa mikono iliyozoea, zaidi ya vimbe 90 katika 100 hutoka kizima.

Daktari huanza kwa kunyunyiza rangi ya buluu ili kingo za ugonjwa zionekane, kisha huweka nukta za kuunguza pande zote, milimita chache nje ya kingo. Nukta hizo ndizo ramani. Kisu kikianza kazi, damu na uvimbe wa maji hubadilisha sura ya kila kitu, na asiye na nukta hajui alipokuwa anakwenda. Halafu inakuja zamu yangu: sindano ya maji yenye rangi kidogo na dawa ya kubana mishipa, inayoingizwa kwenye lile tabaka legelege. Utando unainuka kama godoro dogo la maji na kuacha nafasi kati yake na msuli. Usalama wa saa nzima inayofuata umo katika nafasi hiyo. Maji yananyonywa mwilini, godoro linanywea, daktari anasema "sukuma tena". Mara nyingine tunatumia ute mzito unaokaa kwa muda mrefu zaidi. Mahali pasipoinuka hata ukisukuma huwa panatia shaka: ama kuna kovu la zamani, ama ugonjwa wenyewe umeshikamana na tabaka la chini. Mkono wangu huhisi hilo kwenye bomba la sindano kabla sijaliona kwenye skrini.

Damu itatoka. Watu wa nje wanaona damu kama ajali, lakini ndani ya kazi hii ni jambo la kila siku, na ustadi mwingi wa daktari ni kuuona mshipa kabla hajaukata, akauunguza kwa koleo ndogo, ndipo akapita. Daktari mwenye haraka huniogopesha kuliko daktari anayeambiwa ni mpole mno.

Kutoboka ni jambo jingine. Namba zinazotajwa kwenye tafiti nyingi ni kati ya wagonjwa 2 na 5 hivi katika kila 100. Siku moja, uvimbe ulikuwa sehemu ya juu ya tumbo ambako ukuta ni mwembamba na kamera inabidi ijikunje kutazama nyuma. Kwenye skrini, katikati ya nyuzi nyeupe za msuli, ikaonekana rangi ya njano. Mafuta ya nje ya tumbo. Tulikuwa tunaangalia upande wa pili wa ukuta. Daktari hakupandisha sauti. Alisema "klipu", yaani kibanio kidogo cha chuma, na mkono wangu ulikuwa tayari umeshaishika. Klipu ya kwanza, ya pili, ya tatu, tundu likafungwa. Mwenzangu upande wa kichwa akasema tumbo linajaa. Hewa tunayotumia ni kaboni dioksidi, ambayo mwili huinyonya upesi kuliko hewa ya kawaida, lakini siku hiyo haikutosha kungoja; daktari akachoma sindano nyembamba kutoka nje, kupitia ngozi ya tumbo, hewa ikatoka, mapigo ya mgonjwa yakashuka. Kisha wakaendelea kubandua uvimbe hadi ukatoka mzima. Niliwahi kumuuliza baadaye kwa nini hakuacha. Akanijibu kwamba tundu likishafungwa vizuri, kuacha ugonjwa nusu ndiko kungekuwa kosa.

Mgonjwa alikaa bila kula, akawekewa dripu na dawa za kuua bakteria, akapigwa picha za tumbo, na daktari wa upasuaji akaja kumwona jioni na tena asubuhi. Hakuhitaji kupasuliwa. Ndugu zake waliambiwa siku hiyo hiyo, kwa lugha ya kawaida, kwamba palitoboka na pamezibwa. Mkewe aliuliza swali ambalo naona ni la busara kuliko mengi niliyowahi kusikia: je, ugonjwa haukumwagika ndani kupitia tundu lile? Daktari akamwambia kwamba wagonjwa waliotoboka na kuzibwa wamefuatiliwa kwa miaka, na haikuonekana kwamba tundu ndilo lililosambaza saratani tumboni.

Tangu hapo, ndugu na marafiki wakiniuliza juu ya hatari ya kutoboka, siwapi namba kwanza. Nawaambia waulize: likitokea tundu saa nane mchana, litazibwa na nani, na usiku nani ataamka kumtazama mgonjwa? Mahali penye klipu za kutosha, mpasuaji wa karibu na wodi inayojua inachokitafuta, tundu ni siku chache za ziada kitandani. Pasipo hayo, tundu lile lile ni upasuaji wa dharura.

Hatari inayonikosesha usingizi mimi si hiyo hata hivyo. Kutoboka mara nyingi hutokea mbele ya macho yetu. Kuvuja damu baadaye hutokea mgonjwa akiwa kwao.

Baada ya uvimbe kutoka, tumbo linabaki na kidonda kipana kuliko uvimbe wenyewe. Dawa za kupunguza asidi hutolewa kwa wiki nyingi, na kwa wengi kidonda hufunga katika wiki 8 hivi. Ndani ya muda huo, hasa siku za mwanzo hadi wiki ya pili, mshipa mmoja unaweza kufunguka. Wastani ni kama wagonjwa 5 katika 100, lakini wastani huo unaficha tofauti kubwa. Mtu asiye na ugonjwa mwingine mwenye uvimbe mdogo yuko chini kabisa ya hapo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, au aliyetolewa uvimbe unaozidi sentimita 3, yuko juu zaidi. Uvimbe wa sehemu ya chini ya tumbo nao huvuja zaidi kuliko wa juu.

Mama mmoja alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kwa ajili ya moyo unaodunda bila mpangilio. Hapa hakuna njia isiyo na hatari. Ukiendelea na dawa, kidonda kinaweza kuvuja; ukisimamisha, damu inaweza kuganda moyoni ikapanda kichwani ikaleta kiharusi. Daktari wa moyo na daktari wetu walikubaliana asimamishe kwa muda mfupi, kisha aanze tena. Yote yalikwenda sawa, akaruhusiwa. Wiki ikapita. Choo chake kikawa cheusi tii, chenye kunata. Hakushtuka, kwa sababu alikuwa anameza vidonge vya kuongeza damu, na mtu mmoja alishamwambia kwamba vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi. Ni kweli, hufanya hivyo. Alikuja pale tu alipoanguka akielekea bafuni.

Alipofika, alikuwa na jasho baridi na shinikizo la damu limeshuka. Aliongezewa damu, kamera ikaingia usiku ule, mshipa ukaonekana ukirusha damu pembeni mwa kidonda, ukaunguzwa na kubanwa kwa klipu. Baada ya hapo alipona bila tatizo. Lakini mazungumzo yetu ya kumruhusu mgonjwa yalibadilika. Siku hizi hatuishii kusema "ukiona choo cheusi urudi". Tunauliza kama anameza vidonge vya madini ya chuma, na kama anavihitaji tunamwambia jinsi choo cha vidonge kinavyotofautiana na cha damu: cha damu kinanata, kinang'aa, kina harufu kali isiyosahaulika, na mara nyingi kinakuja na kizunguzungu au moyo kwenda mbio. Na tunamwambia akiwa na shaka asikae nyumbani akipima rangi, aje.

Kulikuwa na desturi ya kumrudisha kila mgonjwa kwenye kamera siku ya pili ili kidonda kitazamwe. Ilinifariji, nakiri, maana nilipenda kukiona kidonda kikiwa kikavu. Majaribio yaliyolinganisha makundi mawili yalionyesha kwamba kwa wagonjwa wa kawaida kamera hiyo ya pili haipunguzi kuvuja. Kwa hiyo inabaki kwa wachache wenye hatari kubwa. Faraja yangu mimi haikuwa sababu tosha ya kumpitishia mtu mrija kooni.

Turudi kwenye kipande. Hii ni sehemu ya kazi ninayoipenda na ambayo wagonjwa hawaijui kabisa. Kipande kikitoka hujikunja, na kikitumbukizwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, kikiwa kimejikunja, mwanapatholojia, yaani daktari wa maabara anayekisoma, hatajua kingo ziko wapi. Kwa hiyo nakitandaza juu ya ubao laini, nakinyoosha bila kukivuta, nakibana kwa pini nyembamba kuzunguka kingo zote, na kuandika upande gani ulikuwa juu, upi ulikuwa mbele. Nukta za daktari zinaonekana zikiwa zote ndani ya kipande. Huko maabara watakikata vipande vya milimita 2 kila kimoja na kusoma kila kimoja chini ya hadubini. Ni kazi ya dakika chache kwangu, na kama ikifanywa ovyo, saa nzima ya daktari inabaki bila jibu la kuaminika.

Mwanapatholojia anatafuta mambo machache: kingo za pembeni na za chini ni safi? Ugonjwa umeingia tabaka la pili kwa kina gani, umevuka mikromita 500, yaani nusu milimita? Kuna chembe za saratani ndani ya mishipa ya limfu au ya damu? Nusu milimita ndiyo inayoamua kama mtu aende nyumbani au arudi kupasuliwa. Na mara nyingi jibu la kipande kizima halilingani na la kinyama kidogo kilichonyofolewa kwa ajili ya kipimo mwanzoni, kabla ya kuondoa uvimbe. Kinyama kilisema chembe zimeanza kubadilika tu, kipande kizima kinasema ni saratani tayari. Ndiyo maana hatusemi "ndiyo" siku ya kwanza.

Mwalimu mstaafu mmoja, mtu wa maneno machache, alitolewa uvimbe wake vizuri sana. Hakuna damu ya maana, kipande safi cha kupendeza kwenye ubao. Karatasi ilirudi: kingo safi, lakini kina kimevuka nusu milimita, na kuna chembe ndani ya mshipa wa limfu. Kuna kipimo cha alama kilichotengenezwa Japani na kuchapishwa mwaka 2017 kwa watu wa namna yake: chembe kwenye mshipa wa limfu ni alama 3, kina kilichovuka mpaka, ukubwa unaozidi sentimita 3, chembe kwenye mshipa wa damu, na ukingo wa chini usio safi, kila kimoja ni alama 1. Mwalimu alikuwa na 4. Kwa walio na alama 0 au 1 tezi huwa na ugonjwa kwa watu 2.5 katika 100, kwa alama 2 hadi 4 ni 6.7, na kuanzia 5 ni 22.7.

Daktari alimweleza yote hayo. Mwalimu alikuwa na moyo uliochoka na mapafu ya mvutaji wa zamani. Akauliza: "Nikipasuliwa, uwezekano wa kufia mezani au wodini ni upi kwangu mimi?" Mpasuaji hakumficha. Mwalimu akazilinganisha namba mbili kama aliyekuwa akisahihisha mtihani, akasema atangoja, atakuja kwa kamera na picha za tumbo kila atakapoitwa. Mama mwingine, mdogo kwa umri na mwenye afya, alipata karatasi inayofanana mno na ile akachagua upasuaji. Tezi zake zote zilikutwa safi.

Jirani yake wodini aliniuliza kwa sauti ya chini kama mama yule hakukatwa bure. Sikubaliani na neno hilo. Usafi wa tezi ulijulikana baada ya kutolewa, si kabla. Lakini pia sitaki kusema kwamba kupasuliwa ni bima isiyo na malipo. Mtu aliyeondolewa sehemu kubwa ya tumbo hupungua uzito, hula kidogo kidogo mara nyingi, hupata jasho na kizunguzungu baada ya kula, na aliyeondolewa tumbo lote huchomwa sindano za vitamini B12 maisha yake yote. Kwa maoni yangu wote wawili waliamua vizuri, wakiwa na karatasi moja na miili miwili tofauti.

Kwa wale ambao karatasi inarudi safi, habari ni njema kweli kweli. Jaribio la Kijapani lililochapishwa mwaka 2018, lenye wagonjwa 470 waliochaguliwa kwa mipaka ya namna ile niliyoitaja, lilikuta 97 kati ya 100 wakiwa hai baada ya miaka 5. Jingine, la mwaka 2021, kwa aina ya chembe zilizoharibika sura, lilipata 99.3. Nawaonyesha wagonjwa namba hizi kwa moyo mweupe, ila naongeza neno: wale walichujwa kwa makini, walikatwa na mikono yenye uzoefu, na walifuatiliwa bila kuachwa. Anayetaka namba ile achukue na masharti yake.

Kisha kuna tumbo lililobaki. Hapa ndipo watu wengi wanapotupotea. Faida ya njia hii ni kwamba tumbo linabaki, na hasara yake ni hiyo hiyo: ukuta ulioota uvimbe wa kwanza umekaa miaka mingi ukiwashwa na kuchubuliwa na bakteria, na unaweza kuota mwingine mahali pengine. Bakteria hao, H. pylori, wanaoishi kwenye utando wa tumbo, waliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la visababishi vya hakika tangu mwaka 1994. Huko Korea Kusini, mwaka 2018, ilichapishwa tafiti ya watu waliokwisha kutolewa vimbe kwa kamera: waliotibiwa bakteria, 14 kati ya 194 waliota saratani nyingine, waliopewa vidonge visivyo na dawa, 27 kati ya 202. Dawa inapunguza kwa karibu nusu. Haifuti.

Nina mgonjwa ambaye huja kila mwaka bila kukosa, amevaa vizuri kama anayekwenda harusini. Alitibiwa bakteria, akapona. Miaka kadhaa baada ya uvimbe wa kwanza, daktari akaona kidoa chekundu upande wa pili wa tumbo, kidogo kiasi kwamba mtu asiyekitafuta angekipita. Kilitoka kwa kamera, karatasi ikarudi safi. "Kwa hiyo ya kwanza haikutoka yote?" akaniuliza. Ilitoka yote, nikamwambia. Hii ni nyingine. Alifikiri kidogo, akauliza tarehe ya mwaka ujao.

Jambo la mwisho ni dogo na hunisumbua kila wiki. Mgonjwa anamaliza dawa za bakteria, anakwenda kupima pumzi kuhakikisha wamekwisha, jibu linasema hakuna. Namuuliza dawa ya asidi aliacha lini. Hajaacha, kidonda bado kinapona. Dawa ile huwanyamazisha bakteria bila kuwaua, na kipimo kinadanganyika. Kipimo cha pumzi kinataka angalau wiki 4 tangu kumaliza dawa za bakteria na angalau wiki 2 bila dawa ya asidi, na dawa ya asidi haiachwi mpaka daktari aseme kidonda kimefunga. Kwa hiyo tarehe ya kupima naiandika mimi mwenyewe kwenye kadi, kwa kalamu nyekundu, pamoja na tarehe ya kuacha vidonge.